Mlango wa Pili wa Mzee Nathanaeli

Joyce alisema kompyuta inanuka.

Emiliana alihamishia simu sikio la pili. Alikuwa kwenye chumba chake cha kazi mjini Singida, anapotengeneza tovuti za watu, na nje upepo wa Julai ulikuwa unayapiga mabati kiasi cha kutosikilizana. "Inanuka nini, dada?"

"Ngozi mbichi. Kama ng'ombe kachunwa sasa hivi. Ikinikatalia kuingia, inanuka. Nikiinuka mezani, harufu inakata."

"Zima swichi ya ukutani. Huenda kuna waya unaungua."

"Harufu ya waya naijua, dada Emi. Hii ni ngozi."

Joyce alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo kule Mtinko, ile ya marehemu tabibu Nathanaeli. Miaka miwili nyuma mzee huyo alimwita Emiliana amjengee tovuti ya kutunzia kadi za kliniki za wajawazito: kundi la damu, presha, tarehe za kurudi, ili muuguzi afungue kwa paswedi badala ya kupekua mafaili yaliyoliwa na mchwa. Alisisitiza ulinzi kuliko kitu kingine chochote. Emiliana akaweka plagini ya ulinzi, kiprogramu cha kuwatambua wezi wa mtandaoni na kuwafungia nje, nayo ikafanya kazi bila kelele. Sasa mzee amezikwa, arobaini imepita Jumatatu, na tangu Jumanne plagini ilikuwa inawafungia nje wauguzi wenyewe.

Kwa Emiliana, pale mjini, tovuti ilifunguka. Akaingia kwenye kumbukumbu za plagini, akakuta Joyce amekataliwa mara thelathini na mbili. Aneth, binti wa marehemu ambaye ndiye sasa msimamizi wa zahanati, mara kumi na tisa. Sababu aliipata upesi. Simu zote za Mtinko zilionekana mtandaoni kwa anwani moja ya mnara, na plagini ilizihesabu kama mwizi mmoja anayejaribu kufuli bila kuchoka. Tatizo la kawaida. Alishalitibu mara nyingi. Akaiandika anwani ile kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, akahifadhi, akampigia Joyce.

"Bado," Joyce akasema.

Alipofungua tena orodha, anwani haikuwamo. Akaiandika upya, akahifadhi, na safari hii akabaki anaitazama. Haikupita dakika. Tarakimu ya mwisho ikatoweka, ikafuata jirani yake, moja moja, kama vile kuna mtu ameweka kidole kwenye kitufe cha kufuta na hana haraka. Emiliana akaangalia ni nani mwingine yumo ndani ya tovuti wakati ule.

Alikuwa peke yake.

Akafunga kompyuta, akavaa helmeti, akawasha pikipiki.

Alifika Mtinko saa tano na nusu, macho yamejaa vumbi. Joyce na Aneth aliwakuta wameketi juu ya jiwe nje ya lango la zahanati, wamevaa sare nyeupe, mikono mapajani, kama wageni waliofika msibani kabla ya wenyeji.

"Mbona mko nje?"

"Tunamsubiri mama," Aneth akasema. "Lango limekaza. Yeye tu ndiye analiweza."

Lilikuwa lango la bati jepesi, bawaba zimelegea, halina kufuli wala komeo. Upepo ulikuwa unalitikisa. Emiliana akaweka kiganja akasukuma, na mkono wake ukakutana na uzito kama wa yale majabali ya njiani. Upepo ukavuma tena, lango likacheza mbele ya macho yake. Akasukuma kwa bega. Halikwenda hata unene wa unywele.

Ndipo akaja kutoka ndani Mama Raheli, mjane wa tabibu, taratibu, anaburuza kandambili. Alikuwa mkunga enzi zake, mwenyeji wa Misigiri aliyeolewa huku, na kwa miaka mitatu kumbukumbu zake zilikuwa zinamponyoka kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Akalivuta lango kwa kidole kimoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Emiliana, mama. Niliyemtengenezea mzee tovuti."

"Emiliana," bibi akarudia. "Haya, karibu. Na huyu ni Joyce, karibu. Na huyu ni mwanangu." Akasita kidogo, akitafuta. "Aneth. Karibu."

Wakapita. Hapo ndipo Aneth alipomshika Emiliana kiwiko na kumnong'oneza kwamba hivyo ndivyo ilivyo tangu Jumanne, kila mlango, chumba cha dawa, chumba cha kujifungulia, hata chumba chake mwenyewe cha kulala. Mama asipotaja jina lako mlango haufunguki, na jana usiku mama alimwita Kristina, jina la mama yake mdogo, kwa hiyo alilala kwa Joyce.

"Mmemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Niseme nini?"

Chumba cha daktari kilikuwa na meza, kompyuta na kalenda ya mbegu za alizeti. Emiliana akaunganisha laini yake, akaandika paswedi ya msimamizi, ile inayofungua kila kitu. Ukurasa ukawa mweupe, kisha yakaja yale maneno ya Kiingereza aliyoyazoea: umezuiwa, wasiliana na mwenye tovuti. Akapuliza pumzi. Zipo njia. Plagini ikikufungia, unazunguka nyuma, unaingia kwenye seva yenyewe, kompyuta ya mbali inakokaa tovuti, unabadilisha jina la folda yake, nayo inakufa papo hapo kwa sababu haijioni tena. Akafanya hivyo. Akahakikisha mara mbili. Plagini haikuwepo.

Akafungua tovuti.

Wewe si wa humu.

Kwa Kiswahili, herufi nyeusi katikati ya ukurasa mweupe. Maneno hayo hayakuandikwa na mtu yeyote kwenye tovuti ile. Kila mstari uliomo aliuandika yeye. Na harufu ikaja. Ilikuja polepole kutoka nyuma ya kioo, nzito, ya ngozi iliyoanikwa ikiwa bado na mafuta na damu, ikamkaa kooni, na Joyce aliyekuwa mlangoni akajifunika pua kwa upindo wa sare.

"Ngoja nione kumbukumbu," Emiliana akasema.

Faili la kumbukumbu alilifungua kutoka kwenye seva. Lilikuwa linajiandika. Plagini imekufa, na bado mistari ilikuwa inaongezeka, jina, mlango, saa. Joyce, chumba cha dawa, saa mbili na dakika kumi. Joyce akanong'ona kuwa ni kweli, asubuhi alijaribu kufungua chumba cha dawa saa zile zile. Aneth, chumba cha kulala, jana saa tatu usiku. Emiliana, lango, saa tano na dakika thelathini na nne. Hakuna kamera pale. Hakuna waya wowote kati ya lango la bati na kompyuta ile.

Kisha ukaja mstari mpya chini kabisa. Flora. Lango. Saa saba na dakika nne.

Emiliana akatazama saa ya kompyuta pembeni. Saa saba na dakika tatu.

"Flora ni nani?" akauliza.

"Mke wa Simeoni," Aneth akajibu. "Ana miezi tisa. Mtoto wake wa kwanza tulimtoa kwa shida, Flora akavuja damu sana. Kadi yake imo humo ndani, kundi la damu na kila kitu. Kwa nini?"

Lango likapigwa. Likapigwa tena, kwa viganja vyote viwili, na sauti ya mwanamke ikapanda juu ya upepo ikiita dada Aneth, dada Aneth, nifungulieni.

Walikimbia. Kutoka ndani pia lango halikusogea. Kupitia upenyo wa bati walimwona Flora amepiga magoti mchangani, mume wake Simeoni akimshika mabega, na kitenge chake kimelowa. Ilikuwa mchana kweupe, jua liko utosini, vivuli vimeingia chini ya miguu, na watu wazima watatu walikuwa wanavuta bati ambalo kuku angeweza kulipangua.

"Mwiteni mama!" Aneth akasema.

Mama Raheli alikuja, akaweka kidole, lango likafunguka kama pazia. Simeoni akamwinua mkewe. Flora akanyanyua mguu kuvuka, na mguu ukagoma hewani, magoti yakakunjika, akarudi nyuma akaanguka juu ya mume wake kana kwamba amesukumwa kifuani.

"Mama, mtaje," Aneth akambembeleza, huku machozi yanamtoka. "Sema tu, Flora, karibu. Ni Flora, mama."

Bibi alimtazama yule mwanamke chini kwa muda mrefu. Uso wake ukabadilika.

"Flora alikufa," akasema. "Mdogo wangu Flora. Alikufa na tumbo lake, nimemzika mimi mwenyewe Misigiri. Msiniletee maiti hapa."

Na neno lile lilipotoka, harufu ya ngozi ikapita katikati yao kutoka ndani kwenda nje, ikiwagusa nyuso kama kitu chenye manyoya yaliyolowa, na upepo uliokuwa ukivuma tangu asubuhi ukakatika ghafla hata jani likatulia, na katika kimya kile Flora akageuza macho yakawa meupe, midomo ikapauka mbele yao kama ya mtu aliyelala siku nzima mochwari, na Emiliana, bila kujua anafanya nini, akamfumba bibi mdomo kwa kiganja chake asiseme tena.

"Mzee Alute," Joyce akasema nyuma yao. "Aneth, mpigie mzee Alute. Baba yako alikuwa anakwenda kwake. Mimi nilimwona."

Simu iliita mara nyingi. Ilipopokelewa, pampu ya kumwagilia ilikuwa inanguruma nyuma.

"Shikamoo mzee. Ni Aneth, binti wa tabibu Nathanaeli wa Mtinko."

Pampu ikazimwa. "Marahaba. Mimi nimeokoka, mwanangu. Mambo yale niliyaacha."

Hakuwa ameulizwa kitu bado. Aneth akaweka spika, akamweleza kwa pumzi moja. Mzee akasema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka mkewe asikie:

"Baba yako aliibiwa dawa mara mbili mwaka ule alipofungua. Akaniomba nimzindikie pale. Nikampa mlinzi. Jini, ndiyo. Nikamuuliza, ni nani wa humu? Akasema, mimi na mke wangu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Wengine wote alikuwa anawaingiza mwenyewe kwa kinywa chake."

Joyce akashika kifua. Siku yake ya kwanza kazini mzee Nathanaeli alimshika mkono, akamvusha kizingiti akilitaja jina lake kwa sauti, na yeye akadhani ni heshima ya wazee.

"Arobaini ilipokwisha, neno lake likamfuata kaburini," Alute akaendelea. "Mwenyewe aliyebaki ni mama yako."

"Na kompyuta, mzee?" Emiliana akauliza. "Kompyuta inahusikaje?"

"Mimi ya kompyuta siyajui. Lilipewa kulinda kila mlango wake."

Emiliana akakumbuka. Alimwona mzee Nathanaeli amekaa kwenye kiti chake, miwani puani, akimuuliza siku ile ya kukabidhiana kazi: hii tovuti ni ya hapa zahanati, au ni kitu cha huko mtandaoni tu? Na yeye, kwa kutaka kumfurahisha mteja, akajibu: ni mlango wa pili wa zahanati yako, mzee.

"Linatolewaje?" Aneth akauliza.

"Mwenyewe alitoe. Atoke nje kwa miguu yake, aliite, limfuate. Na asirudi humo. Akirudi, linarudi."

"Asirudi mpaka lini?"

"Sijasema lini, mwanangu." Akakohoa. "Na jina langu msilitaje kanisani." Simu ikakatika.

Aneth alimtazama mama yake. Bibi alikuwa ameketi kwenye kizingiti anachezea pindo la kitenge, amesahau kila kitu, hata maiti aliyoitaja. Wangemwambia nini? Angeshika maneno gani, na kwa dakika ngapi?

Ni Flora aliyewaokoa, na hakujua. Uchungu ulimrudisha kutoka kule alikokuwa anakwenda, akapiga ukelele mrefu uliovunjika katikati, na mikono ya Mama Raheli ikaacha pindo. Kichwa chake kikainuka. Mikono ile ilikuwa imepokea watoto wa kijiji kizima kwa miaka arobaini, na haikuwa imesahau kitu hata kimoja.

"Mtoto anakuja vibaya," akasema, kwa sauti kavu ya mkunga. "Mbona mmemlaza hivyo? Mgeuzeni ubavu."

Akainuka, akavuka kizingiti, akapiga magoti mchangani kando ya Flora. Alikuwa nje.

"Mama," Aneth akamwita kwa upole, kama anavyoitwa mtoto aliyesimama ukingoni mwa kisima. "Mama, kuna mwenzako amebaki ndani. Mwambie naye atoke."

Bibi hakushangaa. Hicho ndicho Emiliana alichokikumbuka baadaye kuliko vyote: hakuuliza mwenzangu nani. Alitazama nyuma ya bega lake, kwenye ua mtupu unaowaka jua, akasema kama anayemhimiza mbuzi mkaidi, "Twende. Nawe toka. Usibaki huko peke yako."

Kitu kikatoka. Hawakukiona, lakini vumbi la uani lilibonyea, hatua, kisha hatua, mbali mbali mno kwa hatua za mtu, likipita katikati ya Joyce na Emiliana waliojibana ukutani, na harufu ikawa nzito hata Simeoni akatapika, na lango la bati likainama upande mmoja kama linapisha mgongo mpana. Kisha upepo ukarudi.

"Mwingizeni!" Aneth akasema.

Walimbeba Flora, watatu, na safari hii hakuna kilichowazuia. Mama Raheli akasimama, akapangusa magoti, akawafuata. Bila shaka alifuata. Kulikuwa na mtoto wa kupokelewa. Aneth akageuka, akamwona mama yake yuko hatua mbili kutoka kizingitini, mikono imeshatangulizwa mbele. Akalishika lango.

"Nisamehe, mama," akasema, akalifunga, akalifungia kwa mshipi wa sare yake.

Kadi ya Flora ilifunguka mara moja kwenye simu ya Joyce. Joyce akaisoma kwa sauti, kundi la damu, dawa zipi zilimdhuru mara ya kwanza, na Emiliana akashika taa ya simu kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Mtoto wa kike alizaliwa saa tisa kasoro, amejizungushia kitovu shingoni, na alilia baada ya kupigwa makofi mengi kuliko kawaida. Muda wote huo, kutoka nje ya lango, sauti ya bibi ilikuwa inawaelekeza: msimvute, mwacheni mwenyewe ageuke, mpakeni mafuta. Kila alichokisema kilikuwa sahihi. Aneth alikifuata huku analia.

Jioni ile ile mama yake mdogo, Kristina, alikuja kumchukua dada yake kwenda Misigiri. Aliambiwa kuwa mgonjwa anahitaji mazingira mapya. Bibi alipanda gari bila ubishi, akasogea dirishani, akaacha nafasi ya mtu mwingine kwenye kiti.

Wiki tatu baadaye Emiliana alimpeleka Aneth Misigiri kwa pikipiki. Tovuti haikuwa imesumbua tena. Plagini nyingine aliweka, ya kawaida, na ilikuwa inazuia wezi wa kawaida. Kristina walimkuta kwa jirani. Alikuwa amehamia huko na magodoro yake tangu juma la kwanza, na hakutaka kueleza. Aliwaonyesha nyumba kwa kidevu.

Ilikuwa nyumba ya tofali yenye ua wa minyaa na uwazi pasipo na mlango wowote. Mama Raheli alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Amenenepa. Nguo zake safi, nywele zimesukwa vizuri sana, mistari myembamba iliyonyooka, na Kristina aliapa kuwa hakuna mwanamke wa kijiji kile aliyemsuka.

Aneth alifika kwenye uwazi wa minyaa, akasimama. Emiliana aliona anasukuma mwili mbele, na mwili haukwenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bibi akainua uso, akatabasamu kwa adabu. "Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Wewe, mama. Ni mimi Aneth. Nimekuletea sukari na kitenge. Niite tu niingie. Niite, mama."

"Aneth," bibi akasema, akilionja jina. Akalirudia tena, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikaribia kufunguka. Kisha akakunja nyusi, akaweka gunzi chini, akapangusa mikono.

"Subiri hapo hapo, mwanangu," akasema. "Ngoja nimuulize."

Akaingia ndani. Kutoka gizani mwa nyumba walisikia sauti yake ikiuliza jambo kwa unyenyekevu, kama mke anavyomuuliza mumewe, kisha kimya kirefu, kisha sauti yake tena ikisema haya, sawa, nimesikia. Mlango ukafungwa polepole kutoka ndani.

Aneth akakaa chini mchangani, mfuko wa sukari mapajani, akaendelea kuita.